Fedha za Mafuriko Hutafutwa Wakati wa Kiangazi

Mvua ikinyesha sana katika milima ya Nandi, Tinderet na Londiani, haupiti muda mrefu kabla maji mekundu ya mto Nyando hayajafika Ahero. Mvua isipokatika, maji huacha njia yake yakaingia katika mpunga, katika miwa, katika shule na katika nyumba za watu. Halafu huja mahema, unga na blanketi. Wakubwa hufika kutazama, na maneno mema husemwa. Maji yakikauka, shauri lote husahauliwa mpaka masika nyingine.

Wakulima wengi huuliza: Serikali ina fedha za barabara, za bandari na za hospitali, mbona mfereji wetu hauchimbwi, wala tuta la mto wetu halijengwi? Hilo ni swali la haki, na katika makala hii tutajaribu kulijibu kwa hesabu. Tutaeleza fedha za Serikali zinatoka wapi, zinapita njia gani, na hasa zinagawanywa lini. Maana jambo ambalo wakulima wengi hawajaambiwa ni hili: fedha nyingi zinazoweza kuzuia mafuriko hugawanywa wakati ambapo hakuna mafuriko. Mtu anayefika na shida yake wakati wa maji hukuta mfuko mdogo.

MAJI HAYA SI MAGENI

Uwanda wa Kano ni tambarare, na udongo wake mwingi ni ule mweusi wa mfinyanzi usiokunywa maji upesi. Upande wa juu iko milima. Upande wa chini iko Ghuba ya Winam. Maji ya Nyando, Awach, Ombeyi, Kibos na Nyamasaria yote hushuka huko. Yakija kwa pamoja, uwanda huwa kama sinia. Tena Nyando hauleti maji matupu. Huleta na udongo wa mashamba ya juu. Udongo huo hutua pale mto unapopunguza mwendo, kina cha mto hupungua, na mwaka unaofuata hata mvua ya kiasi huweza kuufurisha.

Wazee wa kando ya ziwa wanazikumbuka mvua za mwaka 1961. Toka mwisho wa mwaka huo hadi katikati ya mwaka 1964 ziwa lilipanda kama mita mbili na nusu. Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zililipandisha tena. Mwezi Mei 2020 kipimo cha Jinja, huko Uganda ambako mto Nile hutoka ziwani, kilifika mita 13.42, yaani sentimita moja juu ya alama ya Mei 1964. Watu wa Dunga, wa Ogenya na wa pwani ya Nyakach waliona maji yakiingia kutoka chini, wakati mito nayo inaleta mengine kutoka juu. Mwaka 2024, kati ya Machi na Mei, mafuriko yaliua karibu watu 300 katika Kenya nzima, na Nyando, Nyakach na Muhoroni ziliingiwa na maji mara nyingine tena.

Itazameni hiyo miaka. Jambo linalorudi namna hiyo haliwezi kuitwa ajali. Ni sehemu ya hali ya nchi, kama kiangazi na kama kwekwe. Hakuna mkulima hodari anayesema kwamba kwekwe zimemjia ghafula. Hujua zitaota, akaweka jembe na siku za kupalilia. Mafuriko nayo yawekewe fedha na siku zake kabla hayajafika.

NGAZI MBILI ZA SERIKALI

Mashamba makubwa ya Muhoroni, Koru na Songhor yalipogawanywa kwa wakulima katika miaka ya 1960, mkulima wa makazi alikuwa na afisa wa makazi karibu naye. Mkopo, barabara, maji, josho la ng'ombe: shida nyingi alimpelekea yeye. Siku hizi mambo si hivyo. Kwa Katiba ya mwaka 2010, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013, kazi za Serikali ziligawanywa katika ngazi mbili, na mkulima asiyejua ngazi ipi ina kazi ipi hupoteza siku nyingi mlangoni pa ofisi isiyo yake.

Serikali kuu ina kazi ya mito, mabwawa na matuta makubwa ya kuzuia maji. Ina barabara kuu, kama ile ya Kisumu kwenda Ahero hadi Kericho. Ina reli na bandari. Miradi ya umwagiliaji ya Ahero na West Kano nayo iko chini ya shirika la Serikali kuu.

Serikali ya kaunti ina barabara za vijijini zilizo katika daftari yake, mifereji ya maji ya mvua katika miji na masoko, maji ya bomba, zahanati na vituo vya afya, matibabu ya mifugo, na kazi ya Bwana Shamba.

Kushughulikia maafa, yaani mafuriko, moto na mambo kama hayo, Katiba imekuweka pande zote mbili. Hilo ni jema, lakini lina hatari yake. Kazi ya watu wawili mara nyingine hulala, kwa sababu kila mmoja anamngoja mwenziwe. Kwa hiyo ndugu wakulima, kila mnapoandika juu ya mafuriko, andikeni karatasi mbili zenye maneno sawasawa. Moja mpeni chifu, ambaye ni mtu wa Serikali kuu. Ya pili mpeni Bwana Shamba au msimamizi wa wadi, ambao ni watu wa kaunti. Mkimpa mmoja tu, msishangae ngazi ya pili ikisema kwamba haina habari.

MFUKO MKUBWA NA MFUKO MDOGO

Katiba inasema kwamba kaunti zote 47 pamoja zisipewe chini ya 15 kwa mia ya mapato ya taifa, kwa kufuata hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kukubaliwa na Bunge. Katika mwaka wa fedha wa 2013/14 kaunti ziligawiwa shilingi bilioni 190. Katika mwaka wa 2025/26 zilipangiwa shilingi bilioni 415. Ni fedha nyingi kwa kuzitaja, lakini zikifika kijijini huwa ni jambo jingine. Tufanye hesabu.

Katika mwaka wa fedha wa 2021/22 fungu la Kaunti ya Kisumu katika mgawo huo lilikuwa kama shilingi bilioni 8. Ziko na fedha nyingine, kama kodi na ada zinazokusanywa na kaunti yenyewe, na misaada. Lakini tuchukue bilioni 8 peke yake ili hesabu iwe rahisi.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka sehemu isiyopungua 30 kwa mia ya makisio ya kaunti iwekwe kwa maendeleo, yaani kwa kujenga, kuchimba na kununua vitu vya kudumu. Zinazobaki ni za mishahara, dawa, mafuta ya magari na mambo ya kila siku. Basi 30 kwa mia ya bilioni 8 ni bilioni 2 na milioni 400. Kisumu ina wadi 35. Kama fedha hizo zingegawanywa sawasawa, kila wadi ingepata milioni 68 na nusu hivi. Huo ndio mfuko mkubwa. Humo hutoka kalvati, mifereji, barabara, masoko, visima na majengo ya zahanati.

Sasa tutazame mfuko wa pili. Sheria hiyo hiyo inairuhusu kaunti kuwa na mfuko wa dharura kwa mambo ambayo hayakutazamiwa. Lakini imeuwekea mpaka: malipo ya mwaka mmoja yasizidi 2 kwa mia ya mapato ya kaunti ya mwaka uliotangulia. Mbili kwa mia ya bilioni 8 ni milioni 160. Zigawe kwa wadi 35, na kila wadi itapata kama milioni 4 na nusu. Huo ndio mfuko mdogo. Humo hutoka mahema, chakula, dawa ya kutia katika maji, na mafuta ya mashua za kuokoa watu.

Serikali kuu nayo ina mfuko wa dharura, ambao kwa sheria mtaji wake hauzidi shilingi bilioni 10. Huo ni kwa nchi nzima: kwa ukame wa Turkana, mafuriko ya Tana, maporomoko ya Murang'a, na Kano pia.

Basi milioni 68 kwa milioni 4 na nusu! Mtu anayeidai Serikali wakati wa kiangazi anaomba katika mfuko wa kwanza. Mtu anayeidai akiwa amesimama ndani ya maji anaomba katika ule wa pili. Wote ni raia, wote wana haki, lakini mmoja ana mfuko mkubwa mara kumi na tano kuliko mwenziwe.

Lakini msidhani kwamba ule mfuko mkubwa ni mkubwa sana. Matengenezo ya bandari ya Kisumu, yaliyofanywa kuanzia mwaka 2019, yalitumia kama shilingi bilioni 3. Kazi hiyo moja ya Serikali kuu inazidi fedha zote za maendeleo tulizozihesabu hapo juu. Kwa hiyo kaunti haiwezi kujenga tuta la mto mzima wa Nyando. Inaweza kufungua mifereji, kuweka kalvati kubwa pahali pa zile ndogo, na kuinua barabara ili watoto wapite. Tuta na bwawa ziombwe kwa Serikali kuu. Kuomba ng'ombe kwa mwenye kuku ni kujichosha bure.

KALENDA YA FEDHA NA KALENDA YA MVUA

Mkulima anaijua kalenda ya mvua. Kano hupata mvua kubwa toka Machi hadi Mei, na mvua nyingine karibu na Novemba. Januari na Februari ndiyo miezi mikavu. Kalenda ya fedha ni nyingine kabisa, na sheria ndiyo iliyoiweka:

Tarehe 1 Julai mwaka wa fedha huanza.

Kabla ya tarehe 1 Septemba kaunti hupeleka katika bunge lake mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Mikutano ya kuuandaa huwa kabla ya hapo.

Kabla ya tarehe 28 Februari hupelekwa karatasi ya mwelekeo wa fedha, inayoonyesha kila idara itapata kiasi gani.

Kabla ya tarehe 30 Aprili makisio yenyewe hupelekwa bungeni, na kamati ya bunge husikiliza maoni ya watu.

Kabla ya tarehe 30 Juni makisio hukubaliwa.

Sasa weka kalenda hizo mbili pamoja. Tuseme mafuriko yamekuja mwezi Aprili. Wakati huo makisio ya mwaka unaofuata yamekwisha kuandikwa. Nafasi kubwa ya wakulima kusema ni mwezi Julai na Agosti, mpango wa mwaka ule mwingine unapoandaliwa. Wakisema vizuri na wakikubaliwa, fedha zitapatikana kuanzia Julai ya mwaka wa pili. Baada ya hapo zabuni hutangazwa, kandarasi huandikwa, na fedha za Hazina mara nyingi huchelewa. Kazi itaanza pengine Januari ya mwaka wa tatu. Yaani toka maji yaingie nyumbani mpaka jembe la kwanza lichimbe mfereji, miezi ishirini hivi imepita, na hapo hakuna aliyekosea. Wakulima wakiikosa ile Agosti ya kwanza kwa sababu maji yamekauka na watu wamesahau, wajiongezee mwaka mmoja.

Iko na hatari ya pili. Kazi ikichelewa hadi Machi, mkandarasi ataleta tingatinga wakati mvua inaanza. Udongo uliochimbwa utarudi mferejini, tuta changa litachukuliwa na maji, na fedha zitakuwa zimetumika. Kwa hiyo wakulima wasiseme tu, “Tunataka mfereji.” Waseme hivi: “Tunataka mfereji toka mahali fulani hadi mahali fulani. Tunaomba wahandisi waupime na kuandika makadirio yake kabla ya Juni, ili zabuni itangazwe Julai, na uchimbwe kabla ya mvua za Machi.” Ombi la namna hiyo lina nguvu kwa sababu linaonyesha kwamba mwombaji anaijua kazi.

Tena kazi iliyopimwa na kuandikwa haifutiki kwa urahisi. Mwaka 2024, baada ya Muswada wa Fedha kuondolewa mwezi Juni, mgawo wa kaunti ulipunguzwa toka shilingi bilioni 400 hadi bilioni 387 hivi. Fedha zikipungua, lazima kazi fulani zingoje. Kazi isiyo na ramani wala makadirio ni nyepesi kuondolewa katika orodha kuliko kazi iliyo tayari.

KUJENGA NA KUTUNZA

Yuko mtu atakayesema: tukipata tuta, shida imekwisha. Aulize Budalangi. Matuta ya mto Nzoia yalijengwa kati ya mwaka 1977 na 1984, kilomita kama 16 kila upande wa mto. Ilikuwa kazi kubwa na ya maana. Hata hivyo yalipasuka mwaka 2003, mwaka 2008, na tena mwaka 2020, na maelfu ya watu wakahama. Tuta ni udongo. Ng'ombe hupita juu yake, fuko huchimba, watu hulima ubavuni, mti huota na mizizi yake hufungua njia ya maji. Na mto wenyewe hujaa mchanga, hata maji yakapanda karibu na ncha ya tuta. Tuta lisilotunzwa ni baya kuliko kukosa tuta, kwa kuwa watu hujenga na kulala nyuma yake bila hofu.

Somo la pili liko Ahero. Mradi huo ulianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960, na maji yake huvutwa kutoka mto Nyando kwa pampu za umeme. Mwaka 2000, fedha za kuuendesha zilipokosekana, pampu zilisimama na mashamba yakalala, mpaka mradi ulipofufuliwa miaka michache baadaye. Mifereji ilikuwapo, mashamba yalikuwapo, wakulima walikuwapo. Kilichokosekana ni fedha ya kila mwaka ya kuendesha na kutunza.

Kwa sababu hiyo mkulima anaposoma makisio asitazame fedha ya kujenga peke yake. Aulize: na ya kutunza iko wapi? Nani atafyeka mfereji huu mwaka kesho? Greda itarudi lini? Kujenga hufunguliwa kwa sherehe. Kutunza hakuna sherehe, na ndiyo maana husahauliwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nchi ya Uholanzi yafaa kutazamwa hapa, maana sehemu kubwa ya ardhi yake iko chini ya usawa wa bahari. Huko, tangu zaidi ya miaka 700 iliyopita, wenye mashamba wana mabaraza yao ya maji. Hutoza kodi yao wenyewe kwa ajili ya matuta na mifereji, na huchagua watu wa kusimamia. Kabla ya majira ya baridi wakaguzi hupita kutazama mifereji, na mwenye shamba aliyeuacha mfereji wake ujae majani hutozwa faini. Hata wao walipatwa na msiba: usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari 1953 bahari ilivunja matuta yao na watu 1,836 wakafa. Baada ya hapo serikali yao ilijenga kazi kubwa sana za kuzuia bahari. Lakini mabaraza ya maji hayakuvunjwa, na kodi ya matuta inalipwa hadi leo kila mwaka, iwe mvua au kiangazi.

Sisi pia tunazo njia. Sheria ya maji inaruhusu vyama vya watumiaji wa maji katika kila sehemu ya mto. Chama cha namna hiyo kinaweza kuwakalisha pamoja mkulima wa Nandi aliye juu na mkulima wa Kano aliye chini. Aliye juu akipanda nyasi kingoni na kuacha kulima mpaka ukingo wa mto, udongo wake utabaki kwake na mpunga wa mwenziwe utapona. Hakuna mmoja anayepata hasara hapo.

MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, andikeni hasara wakati ule ule. Maji yakitoka, kila kamati ya kijiji au ya boma la umwagiliaji iandike: jina la mkulima, eka ngapi, zao gani, lilikuwa na umri wa miezi mingapi, maji yalikaa siku ngapi. Mtu anayeandika baada ya miezi mitatu huandika kwa kukisia, na karatasi ya kukisia haina nguvu ofisini.

Pili, wekeni alama ya maji. Pigeni mstari wa rangi katika ukuta wa shule, wa kanisa au wa duka, mahali maji yalipofika, na tarehe yake. Mhandisi akija mwaka kesho katika kiangazi hataona maji, lakini ataona alama, na atajua kalvati iwe kubwa kiasi gani.

Tatu, kubalianeni juu ya kazi moja. Wadi ikileta maombi arubaini, wakubwa watachagua wenyewe. Ikileta kazi moja au mbili zilizopangwa kwa mfuatano, ni vigumu kuzikataa. Mfereji uanzie chini, palipo na njia ya kutokea ziwani au mtoni. Kufungua mfereji upande wa juu kabla ya chini ni kumpelekea jirani maji yako.

Nne, tumieni habari za mvua. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa utabiri wa kila majira kabla hayajaanza. Ukisema mvua zitapita kiasi, peleka barua ofisini siku hiyo hiyo, na wakulima wenyewe wafungue mifereji ya mashambani mwao.

Tano, kwa wakulima wa miwa: muwa uliokatwa haungoji. Ukikaa siku nyingi barabarani kwa sababu ya matope hupoteza sukari na uzito. Sheria ya Sukari ya mwaka 2024 imerudisha ushuru wa sukari wa 4 kwa mia, na sehemu ya fedha hizo ni ya barabara za maeneo ya miwa. Vyama vyenu viulize kila mwaka barabara zipi zimewekwa katika orodha.

MASWALI YA WAKULIMA

Swali: Mafuriko yameuharibu mpunga wangu wote. Je, Serikali itanilipa?

Jibu: Hakuna sheria inayoilazimisha Serikali kumlipa kila mkulima zao lililopotea. Msaada huja kama chakula, mbegu au matengenezo, kwa kadiri ya fedha zilizopo. Ni vizuri kulijua hilo mapema, wala usikope kwa kutumaini malipo.

Swali: Tunasikia bwawa la Koru na Soin litamaliza mafuriko. Si afadhali tulingoje?

Jibu: Bwawa kubwa katika mto Nyando ni jambo jema, na limezungumzwa kwa miaka mingi. Lakini bwawa huzuia maji yaliyo juu yake tu. Awach na Ombeyi zina njia zake nyingine, na ziwa likipanda halizuiwi na bwawa la mlimani. Mifereji ya Kano itahitajiwa hata siku bwawa litakapokwisha kujengwa.

Swali: Tulikwenda mkutanoni, tukasema, na jina la mfereji wetu halikuonekana. Tufanyeje?

Jibu: Ombeni nakala ya makisio yaliyokubaliwa, ni karatasi ya watu wote, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inawapa haki ya kuitaka. Kama mfereji haumo, mwandikieni mwakilishi wa wadi mkimwuliza sababu, na mrudi Agosti. Kama umo na haukuchimbwa, tazameni taarifa za Msimamizi wa Bajeti, zinazoonyesha kila kaunti imetumia nini. Baada ya mwaka kwisha, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutoa taarifa yake. Anayeuliza kwa karatasi mkononi hujibiwa tofauti na anayeuliza kwa kelele.

Swali: Mimi nina eka nne tu. Nani atanisikiliza?

Jibu: Peke yako, pengine hapana mtu. Sheria imeweka baraza la bajeti na uchumi katika kila kaunti, chini ya gavana, na ndani yake wako wajumbe wa wafanya biashara, wafanyakazi, wanawake, wazee, walemavu, watu wa dini na wenye taaluma. Wakulima hawakutajwa kwa jina lao. Ndiyo maana chama cha ushirika au kamati ya umwagiliaji ina faida: inaweza kuyaendea makundi hayo na kuomba mkulima awe mmoja wa wajumbe wao.

Ndugu wakulima, mkisoma maneno haya mashamba yakiwa makavu na mto ukiwa umelala chini ya kingo zake, msiseme kwamba yaweza kungoja. Huo ndio wakati wake. Iteni mkutano wa kijiji wiki hii, chagueni kazi moja, iandikeni karatasi mbili, na mziandike katika daftari tarehe mlizozipeleka. Tarehe 1 Septemba haimngojei mtu, na mvua za Machi pia hazimngojei.